Mitaa Mitatu, Mji Mmoja



Maadhimisho ya hekalu hutukumbusha tulikotoka. Sisi tunaoandika kutoka Lituhi, pale Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa, tumeona vema kukumbuka pia jinsi miji yetu ilivyojengwa. Vijana wa ufuko huu, wa kila dini, huenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na huko hukuta majina yenye historia: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Majina hayo hayakuzuka yenyewe. Mwaka 1891 Wajerumani walitoa kanuni za ujenzi zilizoigawa Dar es Salaam kwa aina ya nyumba. Waingereza nao wakaweka kanda tatu mwaka 1924. Kanuni zilitaja jengo, hazikutaja rangi ya mtu. Lakini asiye na fedha za kujenga nyumba ya mawe alijikuta Kariakoo, ng'ambo ya Mnazi Mmoja, uwanja ulioachwa wazi ili kutenga watu.

Katika mgawanyo huo wazee wetu walikaa katikati. Uzunguni hawakukaribishwa, ila mitaa yao ilipata huduma ambazo Kariakoo ilizingoja muda mrefu. Nasi tuseme kweli: ukuta ule haukujengwa na serikali peke yake. Tuliuongezea matofali kwa shule na vilabu ambamo jirani Mwafrika hakuwa na nafasi.

Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Familia nyingi za Kihindi zilipoteza nyumba. Wengi wakahama nchi. Uchungu huo bado unasimuliwa majumbani mwetu. Hata hivyo, hausimuliwi kwa haki pasipo kukumbuka uchungu wa aliyeishi ng'ambo ya Mnazi Mmoja.

Lituhi si mji wa kanda. Ziwa ni moja, na dagaa twanunua ufuko mmoja. Lakini hata kaunta ya duka yaweza kuwa mpaka: mmoja nyuma yake, mwingine mbele yake, miaka ikapita bila kujuliana hali za watoto.

Basi mlango wa hekalu utakapofunguliwa siku ya sherehe, tusiridhike kwamba jirani ameingia kwetu. Tujiulize sisi tumeingia kwake mara ngapi.