Rangi ya Zulia Iliamriwa Sebuleni

Miaka ya 1920, zulia la Sarouk lililotoka eneo la Arak, Iran, lilikuwa halijakamilika hata baada ya kushushwa bandarini New York. Lilipelekwa kwanza kwenye karakana ya kuoshea, likamwagiwa dawa zenye klorini na kusuguliwa mpaka sufu ikang'aa kama hariri. Mng'ao ulipatikana, ila dawa ile ilikula na rangi. Wekundu wa waridi uliotoka Iran ulibaki umepauka, nao wanunuzi wa Marekani hawakuutaka. Basi wakaitwa watu wenye brashi. Waliinama juu ya zulia lililokwisha kufumwa, wakapaka rangi kulizunguka kila ua, mpaka uwanja wote ukawa mwekundu mzito unaokaribia zambarau. Mama mwenye nyumba kule Chicago alikuwa na samani za mbao nyeusi, na wekundu huo ndio uliopatana nazo. Mazulia hayo yaliyopakwa bado yanauzwa, na mfanyabiashara mzoefu huyatambua kwa kuyageuza: mgongoni kumebaki rangi ya mfumaji, usoni ipo rangi ya New York.

Wauza mazulia hawapendi kukisimulia kisa hiki. Wao husema kila rangi ni siri ya ukoo, bibi kamrithisha mjukuu, na mnunuzi anachopewa ni kipande cha jadi isiyoguswa. Siri zilikuwapo, tena nyingi. Lakini katika biashara kubwa, kwa zaidi ya miaka 100, rangi ya zulia imekuwa ikiamriwa na sebule ambayo mfumaji hajawahi kuiona.

Siri zenyewe zilikaa kwenye sufuria la mtia rangi, na huyo kwa kawaida hakuwa mfumaji. Nyekundu yake ilitoka kwenye mizizi ya mmea ambao Wairani huuita runasi. Mizizi iliachwa ardhini miaka mitatu hivi inenepe, ndipo ikachimbwa, ikakaushwa na kusagwa. Kabla ya kutiwa rangi, sufu ilichemshwa na shabu, ileile ya kusafishia maji, kwa kuwa bila shabu wekundu hauishiki sufu. Ukiifua, unakwenda na maji. Mzizi huohuo ulitoa rangi ya tofali, ya waridi au ya kahawia kwa kutegemea moto na muda. Moto ukizidi, nyekundu inachafuka, na sufuria zima limeharibika.

Nili ina tabia nyingine. Haihitaji shabu, lakini lazima ichachuliwe kwenye pipa, na sufu inapotolewa humo huwa na umanjano wa kijani. Hewa ndiyo inayoigeuza buluu mbele ya macho yako. Kijani hakikuwa na mmea wake. Sufu ilitiwa manjano na nili, moja juu ya nyingine. Nyeusi ndiyo iliyosumbua kuliko zote, kwani mara nyingi ilipatikana kwa chuma kilichochanganywa na maganda ya komamanga au ya jozi, na chuma hula sufu polepole. Tazama zulia kuukuu la miaka 200: mistari myeusi imebonyea, maua yamebaki juu kana kwamba yamechongwa. Hilo halikukusudiwa na mtu yeyote. Vilevile mtia rangi wa kijijini alikuwa na sufuria dogo. Sufu ya leo haikulingana sawasawa na ya wiki iliyopita, na zulia likapata mapande ya wekundu mkavu na wekundu laini. Mapande hayo huitwa abrashi. Zamani mteja wa mjini aliyaona kuwa dosari. Siku hizi viwanda huyaiga makusudi.

Wekundu sakafuni una umri mkubwa. Mwaka 1949, Sergei Rudenko na wenzake walilitoa kwenye barafu ya kaburi la Pazyryk, milima ya Altai huko Siberia, zulia lenye zaidi ya miaka 2,300. Wezi wa kale walitoboa kaburi, maji yakaingia, yakaganda, na barafu ikalihifadhi. Lina wapanda farasi na kulungu juu ya uwanja mwekundu, na mafundo kama 3,600 katika kila mraba wa sentimita 10 kwa 10. Zulia mashuhuri la Ardabil, lililofumwa Iran mwaka 946 Hijria, yaani 1539 au 1540, lina mafundo kama 5,300 katika eneo hilohilo. Urefu wake unapita mita 10, uwanja wake ni wa buluu iliyokolea, na kazi yote ile imefanywa kwa rangi 10 tu. Jina la Maqsud Kashani limefumwa pamoja na mwaka. Wakati huohuo Ulaya mazulia ya Waturuki yalikuwa ya thamani mno kukanyagwa, yakatandikwa mezani. Mwaka 1533 Hans Holbein alichora mabalozi wawili wa Kifaransa wakiegemea meza yenye rafu ya juu iliyofunikwa zulia. Sakafuni chini yao hakuna.

Aliyeyavuruga mambo alikuwa kijana wa London aliyekuwa akishughulika na malaria. Mwaka 1856 William Henry Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alijaribu kutengeneza kwinini kutokana na vitu vinavyopatikana kwenye lami ya makaa ya mawe. Kwinini hakuipata. Alipata uchafu mweusi ambao, alipouosha kwa spiriti, ulitoa zambarau ya kupendeza. Miaka mitatu baadaye Wafaransa wakatoa wekundu wa majenta kwa njia inayofanana na hiyo. Mwaka 1868 Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, wakaitengeneza maabarani alizarini, dutu yenyewe inayofanya mizizi ya runasi iwe nyekundu, na katika miaka michache wakulima wa mizizi hiyo Ufaransa na Uholanzi wakakosa soko.

Rangi za mwanzo zilikuwa rahisi na kali, na zilisaliti. Majenta ilipigwa na jua ikawa kijivu. Rangi ya chungwa ilitoka kwenye maji na kuchafua nyeupe iliyo jirani. Iran ikaona jina lake linaharibika. Mwishoni mwa karne ya 19 serikali ya Nasir al-Din Shah ikapiga marufuku uingizaji wa rangi hizo, na baadaye mazulia yaliyotiwa rangi hizo yakatozwa ushuru yalipotoka nchini. Magendo hayakukoma. Mtu anayelipwa kwa fundo hawezi kungoja mzizi miaka mitatu wakati unga wa rangi upo sokoni.

Basi turudi Arak, ambayo enzi hizo iliitwa Sultanabad. Katika miaka ya 1880 kampuni ya Ziegler ya Manchester ilifungua ofisi pale, ikawa inawapa wafumaji sufu iliyokwisha kutiwa rangi pamoja na michoro. Wateja wa Ziegler walikuwa Waingereza wenye kuta za rangi nyepesi na vitambaa vya maua. Walitaka pembe ya ndovu, buluu hafifu, wekundu uliotulia, na maua makubwa yenye nafasi kati yake. Wafumaji wakafuma hivyo. Kizazi kimoja baadaye, eneo hilohilo la Arak likawafumia Wamarekani, na mikono ile iliyozoea weupeupe ikageukia wekundu. Leo mazulia ya Ziegler yanauzwa ghali kama kielelezo cha Uajemi wa kale, na mimi sioni ubaya, yanapendeza. Ila ukale wake ulichorwa kwa ajili ya Uingereza.

Ziegler hao ndio waliohusika na kutoka kwa zulia la Ardabil. Yalikuwa mawili pacha, yote yamechakaa. Likakatwa moja ili kuliziba jingine, na lililozibwa likanunuliwa mwaka 1893 na makumbusho ambayo leo ni Victoria and Albert, London, kwa pauni 2,000, kwa ushauri wa William Morris. Pacha wake aliyebaki bila mapambo ya pembeni yuko Los Angeles.

Pwani yetu haikuwa nje ya biashara hiyo. Bi Salme binti Said, binti wa sultani wa Unguja, katika kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani mwaka 1886, anaeleza vyumba vya Unguja vilivyotandikwa mazulia ya Kiajemi au mikeka laini. Naipenda hiyo "au". Mkeka wa ukindu uliotiwa rangi haukuwa fukara mbele ya zulia. Ulikuwa baridi miguuni, jambo ambalo sufu haiwezi kulifanya mwezi wa Januari.

Waliojaribu kuirudisha saa nyuma walikuwa Waturuki, wakisaidiwa na mkemia Mjerumani, Harald Böhmer, aliyechunguza rangi za mazulia ya kale na kupata mimea iliyozitoa. Mwaka 1981 mradi wao, ulioitwa DOBAG, ulianza vijijini karibu na Ayvacık, kaskazini-magharibi mwa Uturuki, na wanawake wakaanza tena kufuma kwa runasi na nili. Wengi wa wanunuzi wake walikuwa wageni wa nchi za mbali. Baadaye, miji ya Uturuki ikaleta mtindo mwingine: zulia kuukuu linanyolewa manyoya, linapaushwa kwa dawa, kisha linatiwa lote feruzi au kijivu ili lilingane na kochi la kisasa. Wahifadhi wanalia, wauzaji wanapakia makontena.

Mazulia mengi tunayonunua Kariakoo au Eastleigh hayajawahi kukutana na mtia rangi. Ni polipropilini iliyofumwa kwa mashine, kiasi kikubwa kutoka Gaziantep, Uturuki, ambako rangi huchanganywa ndani ya plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi. Kwa hiyo zulia la bei ya chini la kijivu na krimu, lenye michoro iliyochakazwa kiwandani ili lionekane la kale, litafuliwa kwa sabuni ya unga na kuanikwa uani bila kutoa tone la rangi. Kitakachochoka ni manyoya, yatakayolala pale panapopitwa sana. Ukichagua, usipoteze muda kulisugua kwa kitambaa chenye maji. Likunje kwa nyuma, utazame kama mashina ya manyoya yamebanana au unaona kitambaa cha chini. Halafu libebe mpaka mlangoni uione rangi yake kwenye mwanga wa mchana, maana taa za dukani humpendelea muuzaji.