Damu Iendayo na Damu Irudiyo

Bila shaka, msomaji, umepata kumwona mama mja mzito ambaye mishipa ya miguu yake imetutumka na kujisokota chini ya ngozi mfano wa mizizi ya mti. Labda alikuambia kwamba hayo ni maumivu ya miguu tu, na akishajifungua yatakwisha. Je, mguu wa mama na mtoto aliye tumboni vina uhusiano gani? Ili kulijibu swali hili yatupasa kurudi nyuma zaidi ya miaka mia nne.

Katika mji wa Padua, Italia, alikuwako mwalimu wa utabibu aliyeitwa Fabricius. Mwaka 1603 alitoa kitabu juu ya vena, yaani mishipa irudishayo damu moyoni, akaonyesha kwamba ndani yake mna vilango vidogo. Kazi ya vilango hivyo hakuitambua. Alidhani vyapunguza tu kasi ya damu iendayo miguuni. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyelifumbua fumbo hilo mwaka 1628: damu huzunguka mwilini, na vilango huizuia isirudi ilikotoka. Vikilegea, damu hulimbikizana miguuni na mishipa huvimba. Mimba huzidisha jambo hilo, kwa kuwa damu ya mama huongezeka, na tumbo la uzazi hugandamiza vena kubwa zitokazo miguuni.

Habari za kondo la nyuma zilikawia kujulikana. Kwa karne nyingi matabibu waliamini kwamba mishipa ya mama imeungana na ya mtoto. Mwezi wa Mei 1754, mjini London, tabibu Mackenzie alijaza nta katika mishipa ya maiti ya mwanamke aliyefariki akiwa karibu kujifungua, kisha akamwita John Hunter waichunguze pamoja. Waliikuta nta katika nafasi zilizo kama sifongo ndani ya kondo. Hivyo ikadhihirika kwamba damu ya mama humiminika humo na kurudi kwa vena zake, bila kuchanganyika na ya mtoto. Ni kama majirani wawili wapeanao vitu dirishani, wala hapana aingiaye nyumbani mwa mwenziwe.

William Hunter, kaka yake John, alichapisha mwaka 1774 kitabu mashuhuri chenye picha za tumbo la uzazi. Mwaka 1780 John alidai mbele ya wanachuoni wa London kwamba ugunduzi ule ni wake. William akapinga, na udugu wao ukaharibika. Ndugu wawili walishindania heshima, lakini jina la mwanamke yule, ambaye mwili wake ndio uliowafundisha, halikuandikwa.

Katika miaka ya karibuni, watafiti wa Hispania wamelinganisha makondo ya wanawake wenye ugonjwa wa vena na ya wale wasio nao. Katika yale ya wagonjwa waliona alama za upungufu wa oksijeni, na vile vijidole vyembamba vichukuavyo mishipa ya mtoto vilikuwa vingi zaidi, kana kwamba kondo lajitahidi kufidia kilichopungua. Hiyo haina maana kwamba kila mama mwenye mishipa iliyovimba atazaa mtoto dhaifu. Wengi huzaa watoto wenye afya njema. Lakini yatufundisha kwamba mwili ni mmoja, na damu isiyorudi vyema huweza kuacha alama yake mbali na mguu.

Basi, msomaji, ukimwona mama wa namna hiyo usimwambie avumilie tu. Mpe kiti, ainue miguu yake, na umhimize amweleze mkunga. Na mguu mmoja ukivimba ghafula na kuuma, asingoje hata siku moja, maana huenda damu imeganda ndani. Maarifa haya yalinunuliwa kwa thamani kubwa, na aliyeyalipia ni mama tusiyemjua jina. Kumtunza mama aliye hai ndiyo shukrani pekee tuwezayo kumpa.