WAGENI WASIOPIGA HODI

Pwani yetu hii ya Kusini, tangu Mikindani mpaka mdomo wa Ruvuma, si ngeni kwa kuandikwa. Nasema kuandikwa kwa maana ya kutiwa kwenye daftari la mtu mwingine: jina lako, nyumba yako, kazi yako na deni lako. Wajerumani walipotangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, ilibidi kwanza nyumba zihesabiwe na wenyewe wajulikane. Huwezi kumtoza kodi mtu usiyemjua anakolala.

Kisha kwenye mashamba kikaja kipande. Kilikuwa kikaratasi chenye nafasi thelathini, kila siku ya kazi alama moja, na mtu hapewi ujira wake mpaka nafasi zote zijae, hata kama kwa kuugua-ugua itamchukua miezi miwili. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge huku kwetu na Lindi walikijua vizuri kikaratasi hicho. Wenzetu wa Kenya yao yalizidi. Sheria ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaanza kutekelezwa: kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi awe na kipande chenye alama za vidole, akitie kwenye kikopo cha bati, akining'inize shingoni. Mpaka leo Mkenya akitaja kitambulisho chake cha taifa husema "kipande", na wengi hawakumbuki tena kile kikopo.

Naanza mbali namna hii makusudi. Vijana wenzangu wakisikia habari ya kufuatiliwa mtandaoni hudhani ni jambo lililozaliwa na simu ya kupapasa. Jambo lenyewe ni la zamani, chombo ndicho kipya. Na chombo kipya kina ubaya wake. Yule aliyevaa kikopo alikisikia kikimgonga kifuani kila akipiga hatua. Sisi hatusikii kitu.

Hebu sasa tuvuke bahari. Mwaka 1994 kampuni ya Netscape huko California ilikuwa inatengeneza kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Shida ilikuwa moja: mtandao haukuwa na kumbukumbu. Unafungua duka, unachagua kitabu, unahamia ukurasa wa pili, na duka limekwisha kukusahau, kama muuza mchicha ambaye kila ukigeuza shingo anakuuliza upya, "Karibu mteja, nikupe nini?" Kijana mmoja wa kampuni hiyo, Lou Montulli, umri wake miaka 23, akapata dawa. Duka likupe kikaratasi kidogo cha maandishi, kivinjari chako kikitunze, na ukirudi ukionyeshe. Wazungu wakakiita biskuti. Waswahili wa kompyuta wanakiita kidakuzi.

Na nimtetee Montulli kidogo, maana siku hizi anasemwa vibaya bila haki. Ingewezekana kila kivinjari kipewe namba moja ya kudumu ya kuonyesha kila mlango. Aliona hatari yake, akakataa. Alichotaka ni kwamba kidakuzi kisomwe na tovuti iliyokitoa, basi, isiwe nyingine.

Panya akapita hapo hapo. Ukurasa mmoja wa mtandao hautoki mahali pamoja. Maandishi yanatoka kwa mwenye gazeti, lakini ile picha ya tangazo pembeni inatoka kwenye kompyuta ya kampuni ya matangazo, na kampuni hiyo nayo ina ruhusa ya kukupa kidakuzi chake. Chukua mfano wa mchuuzi aliyepanga kijibaraza mbele ya kila duka la mjini Mtwara. Unaingia duka la dawa, yuko barazani. Unaingia kwa fundi cherehani, yuko. Unaingia kwa wakili kuulizia talaka, yuko, na daftari lake mkononi. Hakuna duka hata moja lililotoa siri yako, lakini jioni yeye ndiye anayejua kwamba unaumwa, umeshona nguo mpya, na nyumbani kwako hakukaliki.

Mchuuzi wa kwanza mkubwa wa namna hiyo aliitwa DoubleClick, kampuni ya Marekani ya katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 1997 wahandisi wa mtandao waliandika kanuni wakashauri kwamba vidakuzi vya watu wa pembeni vikataliwe tangu mwanzo, isipokuwa mwenyewe akivitaka. Waliotengeneza vivinjari vikubwa wakaziba masikio. Mwaka 1999 DoubleClick ikanunua Abacus Direct, kampuni iliyokuwa na kumbukumbu za manunuzi ya nyumba za Wamarekani kwa majina yao, ikataka kuunganisha madaftari mawili kuwa moja. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa mpaka mwaka 2000 ikarudi nyuma. Lakini daftari halikuchomwa. Google iliinunua DoubleClick kwa dola bilioni 3.1, na mauzo yakakamilika Machi 2008.

Sasa njoo kwenye yale madirisha yanayochomoza yenyewe usoni. Haya yana historia ya kuchekesha, kama kucheka kunafaa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ethan Zuckerman alikuwa akifanya kazi Tripod, kampuni iliyowapa watu kurasa za bure na kutafuta hela kwa matangazo. Kampuni moja ya magari ikakuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya kitandani, mambo yenyewe siyo ya kuandikwa humu. Ikaja juu. Zuckerman akaona tiba ni kulitoa tangazo nje ya ukurasa, likae kwenye dirisha lake lenyewe, asije mtu akadhani vitu viwili hivyo ni ndugu. Mwaka 2014 aliandika makala kwenye jarida la The Atlantic akaomba radhi kwa ulimwengu. Mtu huyo huyo ndiye aliyesaidia kuanzisha Geekcorps, chama kilichopeleka mafundi wa kompyuta wa kujitolea Ghana. Mimi ninayejaribu kuandika riwaya nampenda mtu wa namna hii. Hana pembe za shetani. Alitatua shida ya mteja wake siku moja, akaenda zake kula chakula cha mchana.

Madirisha yakazaana kama panya wa ghalani. Opera ikaanza kuyazuia, Mozilla ikafuata, na Microsoft ikaweka kizuizi kwenye Windows XP mwezi Agosti 2004. Kaka zetu waliokuwa wakienda kwenye vibanda vya intaneti wanasimulia vizuri kuliko mimi: umelipia nusu saa, robo yake unafunga madirisha yanayosema wewe ni mgeni wa milioni moja na umeshinda zawadi. Unafunga moja, yanazaliwa matatu. Hela ni yako, muda ni wako, anayefaidi ni mwingine. Na akitoka mtu bila kufunga barua pepe yake, anayekaa kiti kile baada yake anasoma mpaka salamu za mchumba.

Halafu simu ndogo zikatupumzisha. Opera Mini ilienea duniani mwaka 2006, na vijana wengi wa huku waliujua mtandao kwa mlango huo, kwa sababu inabana kurasa na kula bando kidogo. Inabanaje? Ukurasa unapitia kwanza kwenye kompyuta za Opera, unakamuliwa, ndipo unakufikia. Maana yake kuna mtu katikati. Nani alijali? Bando lilikuwa ghali.

Mwaka 2019 tukaanza kusajili laini kwa alama za vidole, na foleni za vitambulisho vya NIDA zikawa ndefu mpaka ule mwisho wa tarehe 20 Januari 2020. Sisemi kwamba hilo na kikopo cha bati ni kitu kimoja. Serikali ilieleza sababu zake, za uhalifu na utapeli, na kweli nani hajapata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii"? (Nao haujaisha.) Nasema tu kwamba tangu siku hiyo namba ya simu si namba tena. Ni wewe mwenyewe.

Wakati huo dirisha la zamani lilikuwa limekwisha kubadili nguo. Mwaka 2015 Chrome iliruhusu tovuti zitume arifa kwenye simu hata kama umezifunga. Nia ilikuwa njema: gazeti likuambie habari mpya. Walaghai wakaona mlango. Unafungua ukurasa wa kupakua muziki, unaambiwa bofya "Ruhusu" kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ukibofya, umempa mgeni funguo. Kizuizi cha madirisha hakimgusi, maana ulimkaribisha mwenyewe.

Mama mmoja muuza samaki hapa Ziwani alinipa simu yake mwaka jana. Kila dakika tano ilikuwa ikilia: mikopo, bahati nasibu, "simu yako ina virusi 13". Mkopo mmoja alikuwa ameuchukua, kwa kufuata kiungo. Programu ilimwomba ruhusa ya kusoma majina ya simuni, akakubali. Alipochelewa kulipa siku nne, ujumbe ukawafikia mkwewe, mwalimu wa mwanawe, na mteja wake mkubwa wa mjini, kwamba huyu ni tapeli, mwambieni alipe. Mteja akahamia kwa mwingine. Mama hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mimi ni mtu wa kukaanga samaki. Hawa wamejuaje kama nina shida?"

Swali hilo kila mkulima wa korosho Mtwara analijua jibu lake. Nani hajui kangomba? Ni yule anayekuja kabla ya msimu, hapimi kwa mizani, anapima kwa kopo, na bei anaitaja yeye. Haendi kila nyumba. Anakwenda kwenye nyumba yenye mgonjwa, yenye msiba, yenye mtoto aliyerudishwa kwa ada. Mtaji wake wa kwanza ni habari, hela inafuata. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007 ulilenga kumkata mguu mtu wa aina hiyo, na mwaka 2018 vita dhidi yake ilipamba moto, mwaka ule ule jeshi lilipoagizwa kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Lakini kangomba wa kijijini anaishi hapa hapa, unamjua baba yake, ukikutana naye msikitini au kwenye mazishi ana soni kidogo. Huyu wa kwenye simu hana kijiji.

Yametokea mambo. Kuanzia tarehe 31 Mei 2023 Google ilizikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mkopaji, ndiyo maana wabaya siku hizi wanakuletea kiungo ushushe programu nje ya duka. Mwaka huo huo kamishna wa ulinzi wa data wa Kenya aliitoza kampuni moja ya mikopo faini ya zaidi ya shilingi milioni 2.9 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu bila haki. Hapa kwetu Benki Kuu ilipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, Novemba 2024. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Inataka taarifa zako zikusanywe kwa sababu halali uliyoelezwa, na inakupa njia ya kulalamika. Faragha yenyewe imo kwenye Katiba, ibara ya 16. Mama muuza samaki hakuwahi kuambiwa hata moja kati ya haya.

Kwa hiyo tulikaa barazani, tukaanza na lililo mkononi. Ile programu ya mkopo tuliipiga picha pamoja na jumbe zake zote, uwe ushahidi, ndipo tukaiondoa. Tukaingia mipangilio ya simu kuangalia ni programu zipi nyingine zina ruhusa ya kusoma majina, na zipi zina ruhusa ya kujitokeza juu ya nyingine, maana tangazo linalochomoza hata kivinjari kikiwa kimefungwa mara nyingi limo humo. Tochi ilikuwa nazo zote mbili. Tochi, jamani, inataka kumjua mkwe wa mtu? Tukaifuta. Namba ya matangazo ambayo Android humpa kila mtu nayo tukaifuta, iko kwenye sehemu ya faragha. Kwenye Chrome tukazuia vidakuzi vya watu wa pembeni, kwa sababu Google iliyoahidi mwaka 2020 kuviondoa yenyewe ilibadili nia mwaka 2024. Safari na Firefox zimekwisha kuvibana bila kuombwa. Akaniuliza kama ile hali fiche ingemkinga. Nikamwambia inamficha na wanawe wanaoazima simu, haimfichi na kampuni ya simu wala tovuti anazofungua.

Tukamalizia na nukta tatu za Chrome, mipangilio, mipangilio ya tovuti, arifa. Tovuti zilizoruhusiwa zilikuwa kumi na nne. Alizitambua mbili. Nyingine tulizifuta moja moja, yeye akitaja jina kwa taabu na mimi nikibofya, mpaka tukafika kwenye moja yenye herufi ambazo hakuna mtu pale barazani aliyewahi kuziona. Akaishika simu mwenyewe, akasema hii niachie niitoe mimi.