Vita Viliisha, Watoto Wakabaki Navyo

Leo turudi nyuma kidogo tuone vita vya Burundi viliwafanyia nini watoto. Wale watoto ndio baba na mama wa leo, majirani zetu hapa Magarama.

Kila mwaka ikifika tarehe 21 Oktoba mji wa Gitega unakumbuka 1993. Siku ile Rais Melchior Ndadaye aliuawa. Pale Kibimba, si mbali na hapa, makumi ya wanafunzi Watutsi walichomwa ndani ya kituo cha mafuta. Jeshi nalo likalipiza kwa Wahutu vilimani, watoto wao wakakimbia hadi Tanzania. Mkataba wa Arusha ulitiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, lakini bunduki hazikunyamaza. Hata mtoto aliyekimbilia huku kutoka Kongo hakupata usalama: usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, kambini Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge, na watoto wamo.

Warundi hawakungoja daktari awape majina ya haya mambo. Ihahamuka ni pale mtu anaposhtuka na kupiga kelele kana kwamba yale yaliyopita yamerudi mlangoni. Akabonge ni huzuni inayokaa moyoni na haitoki. Majina yapo, lakini mtoto mwenyewe huambiwa ni mkaidi, au amerogwa. Baadhi yetu tulikulia kambini kule Muyinga, na tunakumbuka wenzetu waliochapwa asubuhi kwa sababu wamekojoa kitandani. Hakuna aliyeuliza waliota nini.

Mwaka 2014 watafiti walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na watoto 329 hapa Burundi. Kundi moja lilipata vipindi 15 kwa wiki 5 shuleni: michezo, kuchora, kuigiza, kuongea. Kundi la pili lilingojea zamu. Sisi tunaocheza na watoto kila Jumamosi tulidhani jibu tunalijua, kumbe! Kwa ujumla, tofauti kati ya makundi haikuonekana. Waliopata nafuu kutokana na vipindi ni hasa wale waliokaa na wazazi wote wawili, au kwenye nyumba yenye watu wengi. Na kuna jambo lililotushangaza zaidi: kwa watoto wa familia zilizoishi kwenye ardhi yao, wale waliongojea tu ndio walioongezeka matumaini, na waliopewa vipindi walirudi nyuma.

Hatusemi mipira itupwe. Lakini sisi tunaona kwamba mchezo unamsaidia mtoto ambaye jioni ana mtu wa kumsimulia. Tangu mwanzo wa 2025 makumi ya maelfu ya Wakongo wamevuka kuingia Burundi, na kati yao wapo watoto waliokuja na jirani tu, au peke yao. Mtoto kama huyo anapewa wiki tatu za michezo, halafu mradi unaisha na yule mwalimu wa michezo aliyemzoea anaondoka. Amepoteza mtu tena.

Kwa hiyo, ndugu mnaoandikisha watoto, mkishaandika jina na umri, ulizeni na hili: usiku analala na nani? Na huyo mama jirani aliyempokea, yeye nani anamsikiliza?