Mbalamwezi Juu ya Bamba la Shaba

Katika mwaka 1609, mjini Roma, Adam Elsheimer, mchoraji mzaliwa wa Frankfurt, alitwaa bamba la shaba la sentimita 31 kwa 41, akachora kwa rangi za mafuta safari ya usiku ya Yusufu na Maryamu wakimkimbizia mtoto Misri; na katika nafasi hiyo ambayo sinia la chai lingeifunika, akakusanya nuru tatu zisizofanana: mwezi mpevu pamoja na kivuli chake majini, mwenge mkononi mwa Yusufu, na moto wa wachungaji urushao cheche gizani.

Shaba, kwa kuwa hainywi mafuta wala haina nyuzi kama kitambaa, iliiruhusu brashi nyembamba kutia nyota moja moja, hata ule mkanda mweupe ukatizao mbingu ukadhihirika kuwa ni jamii ya nyota, wala si ukungu. Jambo hilo mwanafalaki Galileo alilitangaza kitabuni mwaka uliofuata. Wako wadaio kwamba mchoraji alitumia darubini. Kwa rai yangu, macho makali na subira vyatosha.

Elsheimer alifariki Desemba 1610, umri wake miaka 32. Mchoraji mwenzake Rubens alimlilia kwa barua, huku akimshutumu kwa uvivu, shutuma niionayo kuwa ni dhulma kwa mtu wa kazi dakiki namna hii. Mwaka 1613 mchongaji Hendrick Goudt aliinakili picha hiyo kwa kuichonga, na nakala zake zikaenea hata zikamfikia mchoraji Rembrandt. Bamba lenyewe limehifadhiwa Munich, katika jumba la Alte Pinakothek.