Mgongo wa Yatta: Njia na Mpaka kati ya Kitui na Makueni

Kati ya mto Athi na mto Tiva, katika Ukambani ya chini, ardhi imeinuka na kujinyoosha kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, nayo huitwa Yatta. Wanajiografia huiita uwanda wa juu, yaani ardhi iliyoinuka ambayo juu yake ni bapa na kingo zake huporomoka ghafla. Lakini anayeitazama kutoka Makueni, akiwa ng'ambo ya Athi, huona mgongo mmoja mrefu uliosawazika, usio na kilele wala pengo, unaofunga upeo wa macho upande wa mashariki. Mgongo huo huanzia karibu na mlima Kilimambogo, hupita sehemu za Machakos, huingia Kitui, kisha huandamana na Athi hadi ndani ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki, mwendo wa takriban kilomita 300, ingawa upana wake ni kilomita chache tu.

Asili yake ni volkeno. Zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, lava, yaani mawe yaliyoyeyuka kwa joto la ardhini, ilimiminika na kufuata bonde la mto wa kale, ikalijaza na kuganda kuwa mwamba mgumu unaoitwa fonolaiti. Kuta za bonde lile zilikuwa za miamba dhaifu kuliko lava yenyewe, kwa hiyo mvua na upepo viliendelea kuzimomonyoa karne baada ya karne hadi zikaisha, na kilichokuwa kimelazwa chini ya bonde kikabaki juu peke yake. Ni mojawapo ya mikondo mirefu zaidi ya lava duniani, na yeyote anayetembea juu yake, pengine bila kujua, anafuata mapito ya mto uliokufa kabla binadamu hajakuwapo.

Katika milima ya Alps ya Ulaya, mpaka wa Uswisi na Italia hufuata katika baadhi ya sehemu mstari wa kugawanya maji, yaani ule uti wa mlima ambapo mvua inayoanguka upande mmoja huenda kwenye bahari moja na ile ya upande wa pili huenda kwingine, hata mtu anayetembea juu ya uti huo huweza kuwa na mguu mmoja katika kila nchi. Ukambani mambo hayakuwa hivyo. Mpaka wa Kitui na Makueni ulifuata mto ulio chini ya mgongo, nao mgongo wenyewe ukaangukia upande wa Kitui. Uamuzi huo wa ramani ni wa enzi ya ukoloni, wakati Kitui na Machakos zilipofanywa wilaya mbili na Makueni ikiwa bado sehemu ya Machakos. Makueni ilipata wilaya yake mwaka wa 1992, na Katiba ya 2010 ikazigeuza zote kaunti. Kabla ya ukoloni Yatta haikuwa ukingo wa eneo la mtu yeyote. Ilikuwa njia, na ilikuwa malisho.

Habari za njia hiyo zinaanza kuonekana wazi katika karne ya 19. Njaa kubwa ya katikati ya miaka ya 1830, ambayo Wakamba waliipa jina la Ngovo, iliwasukuma wengi kuteremka pwani kutafuta chakula, na baadhi yao wakalowea katika nchi ya Warabai, nyuma ya Mombasa. Kutokana na mahusiano hayo kulikua biashara ya masafa marefu, na kwa miongo kadhaa misafara ya Wakamba ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya biashara ya pembe za ndovu kati ya bara na Mombasa, ikiteremka na pembe na mifugo, ikipanda na nguo, shanga, chumvi na masango, yaani nyaya nene za shaba zilizofuliwa kuwa mapambo. Msafara uliotoka Kitui ulilazimika kuupanda mgongo wa Yatta, kushuka hadi Athi, kuuvuka mto na kupita Kikumbulyu, nchi ya Kibwezi ya leo ambayo jina lake bado limo katika kata za Makueni, ndipo uukabili ukame wa Tsavo na Maungu kabla ya kuiona Rabai.

Sehemu ya Yatta katika safari hiyo ilikuwa fupi kwa umbali ila nzito kwa hesabu. Anayetoka Athi huacha kivuli cha migunga ya ukingoni, hupita kwenye mibuyu, kisha hupanda kingo za mawe meusi yaliyopasuka. Akifika juu, ardhi inalala sawa, vichaka vya miiba vinamfungia njia, na maji hakuna, kwa sababu mvua inayoanguka juu ya mwamba hukimbilia mito ya pande zote mbili. Kwa hiyo vibuyu vilijazwa mtoni, na mkuu wa msafara alipaswa kujua siku iliyotangulia ni mashimo gani ya mchangani, upande wa pili, ambayo bado yangetoa maji yakichimbwa. Maarifa hayo hayakuandikwa popote, lakini bila hayo pembe hata moja isingefika Mombasa, na inasikitisha kwamba vitabu vingi vya historia vimeyapita vikikimbilia majina ya wageni walioongozwa kwa maarifa hayohayo.

Mgeni wa kwanza kuiandika Yatta kwa kirefu alikuwa Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akifanya kazi chini ya chama cha Kianglikana cha Church Missionary Society huko Rabai. Novemba 1849 alisafiri na Wakamba kupitia Kikumbulyu, akavuka Athi, akapanda Yatta na kufika Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe, ambako tarehe 3 Desemba aliuona Mlima Kenya. Matamshi ya Kikamba ya jina la mlima huo ndiyo yaliyozaa jina la nchi nzima. Mwaka wa 1851 alirudi kwa nia ya kufungua kituo cha dini papo hapo Yatta. Si vigumu kuelewa kwa nini aliuchagua mgongo huo, kwa kuwa aliyekaa pale aliwaona wanaoteremka na wanaopanda, lakini kituo hakikusimama, na Krapf akaendelea na safari akifuatana na Kivoi kuelekea mto Tana.

Huko, mwezi wa Agosti, msafara ulivamiwa na Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akafika mtoni, na kwa kuwa hakuwa na kibuyu alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na vipande vya nguo. Alitembea usiku na kujificha mchana, hadi baada ya dhiki nyingi akafika tena Yatta na hatimaye Rabai. Ile mitutu iliyozibwa kwa nyasi inaieleza nchi hii kuliko ramani yoyote aliyoichora, maana katika nyika kavu ya Kitui bunduki isiyobeba maji ilikuwa mzigo tu.

Biashara ya misafara ilikuwa imedhoofika hata kabla ya reli, lakini reli ndiyo iliyoigeuza njia. Njia ya chuma iliyotoka Mombasa ilipita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu na kufika Nairobi mwaka wa 1899, ikipita magharibi ya Athi, hivyo upande wa Makueni ukapata stesheni na upande wa Kitui ukabaki nyuma ya mgongo. Miaka hiyohiyo ilikuja njaa ambayo Wakamba huikumbuka kwa jina la Ngomanisye, na watu waliovuka Yatta hawakuwa tena wachukuzi wa pembe bali wenye njaa waliokwenda kutafuta nafaka na kazi kando ya reli.

Kwa wafugaji Yatta ilikuwa na maana nyingine. Wakamba walitofautisha kisesi, malisho ya familia yaliyo karibu na nyumbani, na weu, nyika ya wazi isiyo ya ukoo wowote, ambamo vijana walijenga syengo, yaani maboma ya muda ya ng'ombe, na kuishi humo na mifugo katika misimu ya majani. Yatta ilikuwa weu ya pande zote mbili. Serikali ya kikoloni, iliyoona ardhi isiyo na nyumba za kudumu kuwa ardhi isiyo na mwenyewe, iliitangaza kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza, na Wakamba wakahitaji ruhusa ya kulisha mahali ambapo babu zao walilisha bila kumwomba mtu. Mifugo ilibanwa katika maeneo ya akiba, udongo ukachoka, na serikali ikalaumu wingi wa ng'ombe. Mwaka wa 1938 ilipoanza kuwapunguza kwa nguvu huko Machakos, maelfu ya Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walitembea kwa miguu hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Mbingu alikamatwa na kupelekwa Lamu, ila upunguzaji huo wa lazima ulisitishwa. Kisa hicho husimuliwa kama kisa cha ng'ombe, na ni kweli, lakini chanzo chake ni malisho yaliyofungwa, na Yatta ilikuwa miongoni mwa malisho hayo.

Sehemu ya kusini ya mgongo ilifungwa kwa namna nyingine mwaka wa 1948, Hifadhi ya Tsavo ilipoanzishwa. Wawindaji wa Kitui waliozoea kuvuka na mishale iliyopakwa sumu ya msunguti waliamka wakiwa wahalifu kwenye mapito yaleyale ya baba zao.

Leo barabara ya lami kutoka Kibwezi huvuka Athi na kuelekea Ikutha, Mutomo na mji wa Kitui, na gari hutumia muda mfupi kuupita mgongo ambao msafara uliutengea siku. Mahali paitwapo Kwa Vonza, katika eneo la Yatta, kuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kilichopewa hati yake mwaka wa 2013. Mtoni, pale Thwake inapoingia Athi, bwawa la Thwake lenye ukuta wa takriban mita 80 lilianza kujengwa mwaka wa 2018, likiwa na ukingo mmoja Makueni na mwingine Kitui, ili kutoa maji ya kunywa, umeme na umwagiliaji. Na juu yake, upande wa mashariki, mgongo umelala kama ulivyokuwa, mkavu, maji yote yakiwa chini.