Mizani, Ubatizo na Daftari la Mtoto: Nani Aliunga Mkono Kisomo cha Watu Wazima Mashariki mwa Uganda?

Mwaka 1966 UNESCO iliitangaza tarehe 8 Septemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Kisomo, na tangu hapo kila mwaka wakubwa hupanda jukwaani na kuwahimiza wananchi waunge mkono elimu ya watu wazima. Wananchi hupiga makofi, kisha hurudi nyumbani. Insha hii inauliza swali la kihistoria: ni lini watu wa Busoga na Bugisu waliunga mkono elimu hiyo kwa vitendo, yaani kwa kutoa muda wao, nyumba zao na fedha zao? Nimechagua eneo la kutoka Jinja hadi Mbale kwa sababu ndilo ninaloishi. Wasomaji wengi wakisikia jina la mtaa wetu wa Nalufenya hukumbuka kituo cha polisi kilichofungwa mwaka 2018. Lakini Nalufenya ni mlango wa Jinja kwa anayetoka bwawa la Owen Falls, na ukiendelea na safari utafika Iganga, kisha Bugiri upande mmoja na Mbale upande mwingine. Karibu kila kitu nitakachokieleza kilitokea katika njia hizo.

Hoja yangu ni kwamba uungaji mkono haukuletwa na hotuba. Ulikuja pale ambapo kusoma kulifungamana na jambo ambalo mtu mzima alikuwa tayari analitaka kwa sababu zake mwenyewe.

Jambo la kwanza kama hilo lilikuwa ubatizo. Wamisionari wa Church Missionary Society nchini Uganda walimtaka anayeomba kubatizwa ajue kusoma kwanza. Ndiyo maana katika Luganda neno *abasomi*, yaani wasomaji, lilikuja kutumika kwa maana ya waumini. Biblia nzima ya Luganda, ambayo sehemu kubwa ya tafsiri yake ilifanywa na George Pilkington, ilikamilika mwaka 1896. Miaka michache baadaye Semei Kakungulu aliingia mashariki na jeshi lake, akaweka makao yaliyokuja kuwa mji wa Mbale, na walimu wa Kiganda wakafuata nyuma yake wakiwa na vitabu vya kufundishia. Wanafunzi wao wengi walikuwa watu wazima. Hapakuwa na kampeni, wala idara ya serikali. Palikuwa na nyumba ya nyasi, mwalimu aliyelishwa na kijiji, na kitabu ambacho mwanafunzi alikinunua mwenyewe.

Nisisifu kupita kiasi. Kisomo hicho kiliingia pamoja na utawala wa mabavu, na kwa lugha ya wageni. Mmasaba aliyetaka kusoma ilimbidi ajifunze Luganda kwanza. J. B. Purvis, mmisionari aliyefanya kazi katika eneo la Mlima Elgon, alichapisha kitabu cha sarufi ya Lumasaba mwaka 1907, lakini Luganda iliendelea kutawala kanisani na ofisini kwa muda mrefu. Hata hivyo, jambo moja haliwezi kukanushwa: wanakijiji wenyewe ndio waliobeba gharama za masomo yale.

Jambo la pili lilikuwa kahawa. Kahawa ya arabika ilianza kupandwa Bugisu mwaka 1912, na mwaka 1954 wakulima wakaunda Bugisu Co-operative Union, makao yake makuu yakiwa Mbale. Msomaji ambaye hajawahi kuuza kahawa huenda asione uhusiano wa ushirika na kisomo, kwa hiyo nitaueleza. Mkulima huleta kahawa yake iliyokaushwa katika chama cha msingi. Karani huiweka kwenye mizani, husoma uzito, huuandika kwenye stakabadhi, na mkulima hulipwa malipo ya kwanza. Malipo ya pili huja baadaye, ushirika ukishauza, na hutegemea kilo zilizoandikwa siku ile. Asiyejua kusoma husimama mbele ya mizani akitazama mshale asioweza kuufasiri, kisha hupokea karatasi asiyoweza kuihakiki. Akipunjwa kilo tatu hatajua. Akijua, hatakuwa na ushahidi.

Isitoshe, chama cha msingi kiliongozwa na kamati iliyochaguliwa na wanachama. Katibu lazima aandike kumbukumbu na mweka hazina lazima aelewe hesabu, kwa hiyo asiyesoma alikuwa na haki ya kupiga kura lakini hakuwa na nafasi ya kushika kalamu. Kwa maoni yangu mizani ile ilimfundisha mkulima umuhimu wa kusoma kuliko bango lolote. Ilimwonyesha hasara yake kwa kilo, tena kila msimu.

Upande wa Jinja mambo yalikuwa tofauti. Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, viwanda vikafuata, kikiwemo kile cha nguo cha Nyanza Textile Industries, ambacho wengi wanakijua kwa jina la Nytil. Wafanyakazi walitoka Busoga, Kenya, Uganda Kaskazini na kwingineko, wengi wakaishi katika nyumba za Walukuba. Cyril na Rhona Sofer waliuchunguza mji huu na kuchapisha kitabu *Jinja Transformed* mwaka 1955. Hata jina la kitabu chenyewe linaonyesha jinsi walivyoshangazwa na kasi ya mabadiliko. Katika mji wa aina hiyo swali la kwanza la mwalimu wa watu wazima lilikuwa: nifundishe kwa lugha gani? Kambini, askari wa King's African Rifles walitumia Kiswahili, na sokoni vilevile. Lakini Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuwa jambo la siasa. Gavana Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kitumike zaidi katika elimu na utawala, alipingwa vikali Buganda, na Kabaka Daudi Chwa alitoa maandishi ya kukipinga mwaka 1929. Basi lugha ambayo mfanyakazi wa Walukuba aliizungumza na jirani yake haikuwa lugha ambayo vitabu vya kisomo viliandikwa. Sisi tunaosoma Kiswahili tunapenda kulalamikia uamuzi huo kwa sababu za heshima ya lugha. Naona hasara kubwa zaidi ilimpata mtu mzima aliyetaka kujifunza baada ya zamu ya kiwandani.

Baada ya uhuru, serikali ya Milton Obote ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga mwaka 1964. Vitabu vya kiada vilitayarishwa katika lugha zaidi ya ishirini, kazi kubwa na ya heshima kwa nchi changa. Lakini utawala wa Idi Amin ulipoanza mwaka 1971, kampeni ilidhoofika na hatimaye ikafa. Ni rahisi kumlaumu Amin, na analaumika kweli. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 peke yake kuliyumbisha viwanda vya Jinja vibaya sana. Lakini swali linabaki. Makanisa hayakufa, na wakulima wa kahawa waliendelea kutafuta namna ya kuuza hata kwa magendo. Kwa nini kisomo kilikufa bila mtu wa kukililia? Jibu langu ni kwamba kampeni ile ilikuwa mali ya idara. Fedha za idara zilipokwisha, hapakuwa na mtu kijijini aliyehisi kwamba amenyang'anywa kitu chake.

Linganisha na jirani zetu. Tanzania, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Idadi ya wasiojua kusoma ilishuka kutoka takriban asilimia 67 mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi asilimia 39 katika mtihani wa kitaifa wa 1975. Lugha moja ilisaidia, na chama kilichofika hadi nyumba kumi kilisaidia pia, wakati mwingine kwa kulazimisha. Lakini kinachonivutia zaidi ni kampeni ya redio ya *Mtu ni Afya* ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili katika vikundi. Walisikiliza kipindi, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba choo. Kusoma kulikuwa na choo mwisho wake.

Uganda ilirudi kwenye kazi hii mwaka 1992, kwa mradi wa majaribio katika wilaya nane, Iganga ikiwa mojawapo. Baadaye mradi ukapanuliwa kuwa programu ya kisomo chenye manufaa chini ya wizara inayoshughulikia jinsia na maendeleo ya jamii. Walimu walikuwa wa kujitolea, na wanafunzi wengi walikuwa wanawake. Sensa ya 1991 ilikuta asilimia 54 ya watu wa miaka kumi na zaidi wanajua kusoma na kuandika. Ya 2002 ilikuta asilimia 70. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto waliopitia shule wakakua, kwa hiyo si haki kuipa programu sifa yote.

Na hapo kwenye watoto ndipo lilipozaliwa jambo la tatu, ambalo naliona kuwa muhimu kuliko yote. Januari 1997 serikali ilianza elimu ya msingi kwa wote, ikiahidi kulipia watoto wanne wa kila familia. Wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano katika mwaka mmoja. Wazazi wengi walielewa kwamba sasa shule ni kazi ya serikali, wao wamemaliza. Mtoto akirudi na daftari lenye alama nyekundu, mama asiyesoma hakujua kama ni sifa au ni kosa.

Shirika la LABE, lililoanzishwa mwaka 1989 na wanafunzi wa Makerere (wenzetu wa rika hili hili, jambo ambalo mihadhara yetu huwa hailitaji), lilianza mwaka 2000 programu ya elimu ya familia katika wilaya ya Bugiri, iliyokuwa imegawanywa kutoka Iganga miaka mitatu tu kabla. Wazazi walifundishwa kusoma katika shule ileile ya watoto wao, kwa kufuata yale ambayo watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakijifunza. Kulikuwa na vipindi ambavyo mzazi na mtoto walikaa pamoja, na kazi za kufanyia nyumbani. Mzazi aliyekuwa anaona aibu kuonekana akienda darasa la wazee sasa alikuwa na sababu ya heshima ya kupita langoni: amekuja kwa ajili ya mtoto. Mwalimu mkuu naye alifaidika, maana mzazi aliyewahi kukaa kwenye dawati huona mwenyewe kwamba dawati ni bovu.

Siku hizi programu mpya ya serikali, iliyojaribiwa Iganga na Namayingo miongoni mwa wilaya nyingine, inaunganisha kisomo na vikundi vya kuweka na kukopa. Ni chaguo zuri, ila lina fumbo ndani yake. Katika vikundi vingi vya namna hiyo daftari la mwanachama hupigwa mihuri badala ya kuandikwa tarakimu, ili asiyesoma aweze kuhesabu hisa zake kwa macho. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Yote hayo yamebuniwa ili kutokusoma kusimzuie mtu. Lakini daftari kubwa la mikopo, lenye majina, riba na tarehe za kulipa, bado linaandikwa kwa kalamu, na katibu ni mmoja.